Rasimu ya Tano ya Fundi

Wanafunzi wananiita Kalamu Nyekundu, na wanadhani sijui. Kwa miaka kumi na tisa nimefundisha somo la Stadi za Kitaaluma, lile ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analazimika kulisoma na hakuna anayelipenda. Nawafundisha kusoma makala bila kusinzia, kuandika muhtasari, kupanga marejeo, na zaidi ya yote kuandika kwa tahadhari. Mtu akiniandikia "hakika" nampigia mstari. Akiniandikia "lazima" nampigia miwili. Nilikuwa najivunia jambo hilo, na nawaambia mapema ili msije mkanionea huruma nisiyostahili.

Fundi alikuja darasani kwangu akiwa na miaka thelathini na minane. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu kabla ya chuo alikuwa amejenga nyumba za watu miaka kumi na mitano, na viganja vyake vilikuwa vigumu kiasi kwamba kalamu ilikuwa ikimponyoka. Alisomea uhandisi wa majengo. Hesabu alikuwa anazimaliza wenzake wakiwa bado wanaazimana rula. Kuandika ndiko kulikomtoa jasho.

"Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "mimi nikisema nimesema. Hayo maneno mengine sijui huwa mnayatoa wapi."

Darasa zima likacheka. Nikacheka nao, huku najisemea moyoni kwamba huyu nitamnyoosha.

Kazi ya muhula ilikuwa ripoti ya uchunguzi. Chagua kitu kimoja ndani ya chuo, kiangalie kwa wiki nane, kisha uandike juu yake. Nusu ya darasa walichagua foleni ya kantini, kama kila mwaka. Fundi alichagua ukuta.

Ulikuwa ukuta wa mashariki wa ukumbi wa kusomea, chini ya maktaba. Mnajua aina hiyo ya ukumbi: mrefu, meza za mbao zilizochorwa majina ya wapenzi walioachana zamani, madirisha makubwa upande mmoja tu. Wanafunzi hugombania meza za upande huo kwa sababu ya mwanga. Binti yangu, kitinda mimba wangu, alikuwa mwaka wa kwanza akisomea sheria, na alikuwa na kiti chake pale pale ukutani, cha tatu kutoka mlangoni. Miezi michache kabla, chuo kilikuwa kimehamishia tasnifu zote za zamani kwenye chumba cha juu ya ukumbi ule. Majalada magumu ya miaka arobaini, yamepangwa kwenye rafu za chuma hadi kugusa dari.

Rasimu ya kwanza ya Fundi ilikuwa kurasa mbili. Ukuta ulikuwa na ufa, naye alikuwa amebandika vipande vya kioo juu yake kwa plasta, kama mafundi wanavyofanya. Ukuta ukitulia, kioo kinabaki kizima. Ukisogea, kinapasuka. Alibandika vinne, na vyote vilipasuka ndani ya wiki mbili. Akashusha timazi, ile kamba ya kupimia unyoofu, akakuta ukuta umeinama kuelekea ndani kwa upana wa vidole viwili. Mwishoni aliandika hivi, nakumbuka kila neno: "Ukuta huu utaanguka. Ondoeni mzigo wa juu. Watu wasikae chini yake."

Mtataka kujua kama niliogopa. Sikuogopa. Mimi nikisoma kazi ya mwanafunzi sioni ukuta, naona sentensi. Nilichukua kalamu nikaandika pembeni: "Utaanguka lini? Umejuaje? Huu ni utabiri, si utafiti." Na chini yake: "Ripoti haiamrishi watu."

Akarudi na rasimu ya pili. Ukuta sasa ulikuwa "unaonyesha dalili za kuanguka". Nikamwambia neno "kuanguka" ni zito mno, atafute lingine. Ya tatu, nikamtoa "hatari". Ya nne, nikamwambia vidole viwili si kipimo, na kwamba vioo vinne ni vichache mno kumfanya mtu apige kifua mbele ya wasomi. Hakuwahi kubisha. Alikuwa ananisikiliza ameinamisha kichwa, ananakili kila ninachosema, maana alitaka kufaulu na aliamini kwamba mimi ndiye ninayejua.

Rasimu ya tano ilikuwa kurasa kumi na nne, na marejeo ishirini na mawili. Hitimisho lake lilisema: "Matokeo ya awali yanaashiria uwezekano wa kuwepo kwa mwenendo wa kuinama, ingawa uchunguzi zaidi unahitajika kabla ya kufikia uamuzi wowote." Nilimpa alama ya juu kuliko zote nilizotoa mwaka ule.

Alikaa ofisini kwangu anafunua kurasa, haonekani kufurahi.

"Mwalimu, mtu akisoma hapa ataelewa kwamba unaanguka?"

"Msomi ataelewa."

"Na asiye msomi?"

"Huyo haandikiwi ripoti," nikamjibu.

Mungu anisamehe, nilijiona nimempa vidonge vyake.

Akaipeleka ripoti kwa meneja wa majengo, mtu tunayemwita Bwana Utaratibu kwa sababu hata salamu huwa anaitolea fomu. Baada ya wiki moja Fundi akanirudia, amesimama mlangoni hataki hata kuketi.

"Amesema uchunguzi zaidi unahitajika," akasema. "Amesema nimeandika mwenyewe. Ameuweka kwenye orodha ya mwakani."

"Hukumweleza?"

"Nimemwambia kwa mdomo wangu, 'Mzee, ule ukuta unakuja chini.' Akaniuliza, mbona kwenye karatasi hujasema?"

Nikamwambia tufuatane nikauone huo ukuta, kwa maana nilikuwa nimeusoma mara tano bila kuutazama hata mara moja.

Tukaingia ukumbini. Mitihani ilikuwa imekaribia, viti vyote vimejaa, kimya kile cha watu wanaokariri. Fundi hakunionyesha ufa. Alinionyesha dirisha ambalo mwezi uliopita lilikuwa likifungika na sasa limekataa. Alinionyesha meza za ukutani, jinsi zilivyokuwa na unga mweupe kwenye pembe, na jinsi wanafunzi walivyokuwa wanaupangusa kwa mikono ya mashati bila kuinua macho. Binti yangu, pale alipoketi, alifanya hivyo hivyo.

"Mama, hili vumbi linatoka wapi kila siku?" akaninong'oneza. "Asubuhi napangusa, mchana lipo tena."

Nikamwambia ahamie upande wa pili. Akasema huko hakuna nafasi, na kesho kutwa ana mtihani wa mikataba, nisimchanganye. Nikamwacha. Nilikuwa nimeshajipangia kwamba nitalimaliza jambo lile kwa njia inayofaa, kwa Bwana Utaratibu mwenyewe.

Bwana Utaratibu alinipokea vizuri. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Akafungua jalada, akanionyesha ukurasa wa mwisho wa ripoti, mahali nilipotia sahihi.

"Mwalimu, leo unaniambia hatari. Hapa umeidhinisha kwamba hakuna uamuzi unaoweza kufikiwa. Nikifunga ukumbi wiki ya mitihani kwa maneno ya mdomo, nitamwambia nini makamu mkuu? Niandikie barua. Leo hii hii nitaishughulikia."

Alisema leo hii hii. Mimi barua ile niliiandika siku mbili. Siku mbili nzima, jamani. Nilikaa naipima kila sentensi isije ikaonekana natia chumvi. Nilikuwa natafuta marejeo.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikiwa kwenye aya ya mwisho, simu ikalia. Alikuwa Fundi, yuko juu, kwenye chumba cha tasnifu.

"Sakafu ya huku imeachana na ukuta," akasema. "Mkono wangu unaingia. Mimi nawatoa wa huku juu. Wewe uko karibu, wakimbilie wa chini uwatoe."

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na sita na viatu vyangu vya darasani, nilikata uani watu wakinitolea macho. Kutoka juu nilimsikia Fundi akiwafokea wakutubi kwa sauti ya mtu anayesimamia zege: unaanguka, tokeni, unaanguka. Wakutubi walitoka wote, saba, Fundi nyuma yao, na mmoja wao alitoka peku.

Nikafungua mlango wa ukumbi. Walikuwa thelathini na kitu. Palikuwa na sauti ndogo, kavu, kama mtu anatafuna punje ya mchanga kwenye chakula, na hakuna aliyeonekana kuisikia. Jicho langu lilimwona binti yangu kwanza. Nikamwambia atoke. Sauti yangu ile anaijua tangu akiwa mdogo anacheza na kiberiti, hakuuliza swali. Aliacha vitabu, akaacha mkoba, akanipita mlangoni anakimbia.

Wengine waliinua vichwa kunitazama. Nikawageukia, nikazungumza nao. Zilikuwa sentensi mbili, na walinisikiliza kwa adabu. Wa upande wa mlango wakaanza kukusanya karatasi zao. Kijana mmoja aliyekuwa anakaa jirani na kiti cha binti yangu akanyoosha mkono, akaniuliza kama anaweza kumalizia ukurasa wake. Kabla sijamjibu, mwanga wa madirisha ukabadilika, na ukuta ukaingia ndani. Vilivyofuata kutoka juu vilikuwa vitabu, na vilichukua muda mrefu kuliko ukuta.

Walikufa wanne.

Kijana yule alikuwa mmoja wao. Nilikwenda msibani kwao siku ya pili yake, peke yangu, kwa sababu nilijua nisipokwenda siku ile sitakwenda tena. Baba yake ni mshona viatu. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya nyumba, majirani wamemzunguka, na waliposikia mimi ni mwalimu wa chuo wakanipisha nikae karibu naye.

"Pole sana, mzee," nikasema.

"Tumeshapoa, mama. Ahsante kwa kuja."

Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa rangi ya viatu, amevipakata mapajani.

"Nasikia ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo."

"Nasikia na mwanao alikuwa pale. Jirani kabisa na wangu."

"Ndiyo, mzee."

"Basi mshukuru Mungu, mama. Mshukuru sana." Alisema kwa moyo wake wote, wala hakuwa na kinyongo. Kisha akafikiri kidogo. "Mwanao ulimwambiaje?"

"Nilimwambia toka hapo, sasa hivi, acha vitabu."

Akaitikia kwa kichwa. "Na wangu?"

Ningeweza kumdanganya. Wote waliozunguka benchi lile wasingejua. Lakini alikuwa ananitazama usoni, akisubiri kwa subira ya mtu aliyezoea kusubiri wasomi, na mimi nikamwambia neno kwa neno, kama nilivyolisema.

"Nilisema, 'Naomba mnisikilize, kuna uwezekano kwamba upande huu hauko salama kwa kiwango kinachoridhisha. Kwa tahadhari, inashauriwa mhamie upande wa pili pale mtakapokuwa tayari.'"

Mzee akakunja uso. Midomo yake ikawa inayarudia maneno yale polepole, anajaribu kuyashika, na nikaona hayashikiki. Akamtazama jirani yake. Jirani akatazama chini. Akanigeukia tena, mpole, mwenye haya, kana kwamba kosa ni lake.

"Unisamehe, mwalimu, mimi shule sikufika mbali. Hapo sijaelewa. Ulimwambia atoke, au hukumwambia?"

"Sikumwambia," nikasema.