Moshi wa Gari Dogo

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Tela, kofia yake ya udereva kichwani, aliingia kwenye pikapu yao iliyoegeshwa uani, akafunga mlango, akavuta mkanda, akaweka mikono kwenye usukani. Tundu la ufunguo lilikuwa tupu. Alikanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, akaingiza ya pili, akachungulia kioo cha pembeni kana kwamba kuna basi linataka kumpita. Mkewe alimtazama kutoka dirishani, pini mdomoni, pazia la mteja mapajani. Midomo ya mumewe ilikuwa ikitikisika, naye alijua inafanya nini. Ilikuwa inaunguruma. Mtu mzima mwenye mvi zake, baba wa watu, anaunguruma kwa mdomo ndani ya gari lililozimwa. Usimcheke.

Jina la Tela alipewa na madereva wenzake, kwa sababu aliweza kurudi kinyumenyume na matela mawili kupitia geti ambalo wengine waliliogopa hata kwa kwenda mbele. Kisha kifafa kikamjia ukubwani, bila hodi. Daktari alisema asiguse tena usukani, na alilisema kwa sauti ya mtu asiyebembelezwa. Lakini Tela hakuwahi kujiona akianguka. Aliyeona ni mkewe. Alikuwa kando yake siku pikapu ilipoacha barabara na kuelekea ukuta wa shule, macho ya mumewe yamegeuka meupe, mguu umekazana kwenye mafuta. Ni yeye aliyeng'ang'ania breki ya mkono mpaka gari likajizungusha na kusimama. Bahati nzuri watoto walikuwa wamekwisha kwenda makwao. Tela alipozinduka aliuliza nani kamchezea gari lake.

Tangu siku hiyo ufunguo ulikuwa umeshonewa ndani ya pindo la pazia la chumbani, mahali ambapo mwanamume hapatazami hata umlipe. Ule wa akiba ulikuwa umepotea. Tela ndiye aliyesema umepotea, na mkewe alipekua mifuko, makopo, viatu, godoro, asiuone. Kila alipotoka nyumbani roho ilikuwa juu juu. Alipotaja kuiuza pikapu, Tela aligoma kula. Na siku moja mezani akasema, taratibu kabisa, kwamba kama ni kufa, afadhali afe anaendesha. Hakusema atakufa na nani. Mkewe aliuwaza ukuta ule wa shule, akarudisha tonge sahanini.

Alikuwa hana tena pa kushika aliposikia mlio. Alikuwa amepeleka mapazia kwa mteja, na nyuma ya duka moja kitu kilikuwa kikilia kama lori lililofinywa likawa na ukubwa wa paka. Akachungulia. Kumbe ni kigari cha rimoti, kinakimbia huku kinafuka moshi, na harufu yake ikamfikia puani, harufu ya mafuta halisi, ileile iliyokuwa ikirudi nyumbani na mashati ya mumewe miaka yote ya ndoa yao. Miguu ikamwingiza dukani kabla hajajishauri.

Muuzaji alikuwa binti mwenye grisi kwenye kucha. Alimuuliza mama kama mtumiaji amewahi kuwa na gari la namna hiyo, akaambiwa hapana, ndiyo kwanza anaanza. Basi akamshauri la betri: unachaji, unaendesha, hakuna maudhi.

"Linatoa moshi?"

"Hapana, mama. Ndiyo uzuri wake."

"Basi silo."

Binti alicheka, kisha akautazama vizuri uso ule na kicheko kikamwishia. Akamshushia ya nitro, yale yanayokunywa mafuta. Lilikuwapo jekundu, la chini, lililong'aa kama pipi, lenye mbio za ajabu, lakini lilitaka lami laini na mkono uliozoea. Lilikuwapo la kujiundia mwenyewe, skrubu zimejaa boksi. Na lilikuwapo jingine refu, baya la sura, magurudumu makubwa yote manne yakisukuma, limekwisha kuundwa, la kuwashwa kwa kuvuta kamba. Binti alisema kweli tupu, kwamba anayeanza atalivunja kwa vyovyote, na la muhimu ni kama vipuri vyake vinapatikana. Vya hili vilijaa rafu nzima.

Mwanamke aliligeuza lile baya, akalipima uzito mikononi kama anavyopima kitambaa. Alikuwa na swali moja tu.

"Mtu akiliachia ghafla. Kidole kikitoka. Linafanya nini?"

"Linapunguza mwendo, linasimama. Injini inabaki inanguruma tu."

Akalichukua. Binti alimsindikiza mpaka mlangoni akimsisitizia jambo moja, kwamba moshi usikosekane. Injini hii oili yake imechanganywa ndani ya mafuta, haina pengine pa kuipata. Moshi ukikatika, injini inakufa. Njia nzima mama wa watu alilirudia neno hilo midomoni asilisahau.

Tela alilitazama lile gari, akamtazama mkewe. "Umeniletea kidoli," alisema, akaenda kukaa kwenye pikapu yake. Gari likawekwa juu ya kabati, likakaa kama mgeni asiyekaribishwa. Mkewe akarudi kushona. Kisha siku moja akamkuta amefungua kopo la mafuta, amefumba macho, ananusa. Mkewe alitangulia tu kuvaa viatu.

Nyuma ya maghala kulikuwa na uwanja mtupu. Gari likawaka, likapiga kelele, na mgongo wa Tela ukanyooka. Lakini gari la rimoti lina ukorofi wake: likikujia, kushoto kwake ni kulia kwako. Bingwa wa matela mawili aligonga nguzo, akagonga jiwe, akagonga nguzo ileile tena. Mkewe aliuma midomo, maana kucheka pale kungekuwa msiba. Tela, kwa hasira, akatafuta kosa mahali pengine. Akauona moshi.

Mkewe alimweleza alivyoelezwa dukani. Tela akatoa bisibisi mfukoni.

"Injini inayofuka moshi ni mgonjwa, mke wangu. Injini nimezijua kabla sijakujua wewe."

Akaikaza skrubu ya kabureta, kidogo, na kidogo tena, mpaka moshi ukaisha kabisa. Gari likachomoka kama limefukuzwa. Halijawahi kwenda vile. Na Tela akacheka, kicheko cha tumboni, ambacho mkewe alidhani kilizikwa siku ile ya ukuta. Alijua analopaswa kusema. Alikuwa nalo kwenye ulimi. Ila hebu niambie wewe, nani angekikata kicheko kile? Akanyamaza. Gari likalia kwa sauti nyembamba, likanyamaza nalo. Tela alipovuta kamba, haikuvutika.

Jioni hiyo hakuunguruma. Alikaa ndani ya pikapu mikono mapajani, na mkewe alipomfuata na chai alisema bila kugeuka, "Hata hiki nimekiua." Halafu akaomba ufunguo. Angekuwa amefoka ingekuwa nafuu. Aliomba kwa adabu, kama mtoto anayeomba maji, azunguke mara moja tu, hapo karibu, arudi. Mkewe alisema hapana, akaingia ndani, akashika pindo la pazia, akalia huku amelishika. Alijua siku moja mtu huyu ataupata ule wa akiba, au ataupata huu, na hatakuwapo wa kuvuta breki ya mkono.

Kesho yake alirudi dukani na injini iliyokufa. Binti aliibadilisha pistoni na silinda yake, akamwonyesha skrubu, naye akaigeuza kwa vidole vya mshonaji, vilivyozoea vitu vidogo. Alikwenda uwanjani peke yake. Alipokuwa amechuchumaa anahangaika, kivuli kikamfunika.

"Unamnyima mafuta," Tela alisema nyuma yake. "Mfungulie kidogo. Mwache afuke."

Mkewe akailegeza skrubu, moshi ukarudi. Kuanzia siku hiyo wakawa wanakwenda kila alasiri. Tela akajifunza kushoto na kulia upya. Asubuhi aliendelea kukaa kwenye pikapu, ila chai yake haikupoa tena.

Basi alasiri moja gari lilikuwa mbali, limegeuza, linawajia kwa kasi yake yote, mkewe akaliona bega la Tela likiruka. Bega lile alilijua. Alimdaka kabla kichwa hakijafika chini, akamlaza ubavu, akamwekea mtandio chini ya shavu. Mlio ulikuwa unawajia. Mkono wa ziada hakuwa nao, akamfunika mumewe kwa mgongo wake na kufumba macho. Mlio ukapungua, ukashuka, ukawa mngurumo. Alipofumbua, gari lilikuwa limesimama mbele ya miguu yao, linatetemeka pale pale, linafuka.

Lilikuwa bado linanguruma Tela aliporudi duniani. Alitazama vumbi kwenye shati lake, akatazama alama za magurudumu zilizonyooka kumwelekea.

"Limegonga nani?"

"Halikugonga mtu. Ulipoachia, lilisimama."

Machozi yalimtoka Tela bila sauti, akayaacha.

"Lile kubwa lisingesimama," alisema.

"Lisingesimama."

Tela akavua kofia yake ya udereva, ile asiyoivua ila kwa kulala, na akilala huiweka chini ya mto. Akaugeuza ukingo wa ndani, akaukata uzi kwa meno. Ufunguo ukadondokea kiganjani mwake. Mkewe hakuangalia ufunguo kwanza, aliangalia ule mshono, mrefu, uliopinda, wa ovyo.

"Umeshona mwenyewe?"

"Nimekutazama miaka yote. Nilidhani nimejua."

"Huu sikuutumia. Nilitaka uniruhusu wewe," alisema, akampa. Gari likakohoa, mafuta yakawa yamekwisha, uwanja ukatulia. Tela aliinua mikono yake, ikawa inatetemeka, akaishusha.

"Kopo lina mafuta bado?"

"Kidogo."

"Basi liwashe wewe."

Mkewe akajaza tangi. Kuvuta kamba kulitaka mikono yote miwili, na gauni lake halikuwa na mfuko. Akauweka ufunguo mdomoni, pale anapoweka pini zake, una chumvi ya jasho la mumewe, akapiga magoti, akavuta.