Dafu la Mgeni Rasmi

Kumudini Thakre hakuwa ametia maji kinywani tangu jana jioni. Ndivyo alivyofanya kazi ya udereva wa treni miaka yote: kichwa cha treni hakina choo, na madereva wanaume husimama mlangoni wakajisaidia huku reli ikipita chini yao. Figo moja ilikuwa imeshaharibika. Asubuhi hiyo midomo yake ilikuwa imepasuka chini ya rangi aliyopakwa kwa ajili ya picha.

Ilikuwa Siku ya Wanawake, na waziri alikuwa anasafiri kwa treni yake. Kichwa cha treni kilivishwa mashada ya maua ya manjano, naye akavishwa utepe mpana wa satini wenye herufi za dhahabu: DEREVA MWANAMKE WA KWANZA. Mke wa waziri, mgeni rasmi, akamkabidhi dafu.

"Kunywa, mwanangu. Limetoka shambani kwetu."

"Asante, mama. Nitakunywa nikifika."

Bwana Phadke, mkuu wa madereva, alimwinamia sikioni, macho yake kwenye kamera. "Unamkatalia mgeni rasmi?"

"Bwana, ni mwendo wa saa nne bila kusimama. Niliomba kituo kimoja tu, pale Pimpalgaon."

"Si mlitaka usawa? Wanaume wanasimamishwa wapi?"

"Wanaume wana mlango."

Phadke akacheka kwa sauti. Mke wa waziri naye akacheka, bila kujua anachekea nini.

"Sikiliza, Bi Thakre," Phadke akasema, akiendelea kutabasamu. "Simamisha treni ya waziri kwa haja ndogo, uone kama kuna msichana mwingine nitakayemwidhinisha kwa mafunzo."

Kumudini akanywa mpaka mrija ukakoroma.

Safari ilipofika nusu, hakuweza kukaa. Alisimama, akakalia ukingo wa kiti, akabana magoti, akasimama tena. Mkono haukuachia mpini wa mwendo.

"Mimi nimevaa nepi, dada," alisema Varsha, msaidizi wake. "Za wazee. Mama mkwe anadhani namnunulia yeye."

"Hukuniambia."

"Ungevaa vipi, na wapiga picha wamekuzunguka hivyo?"

Kumudini akachukua redio, akamwita mwongozaji wa safari za treni. "Naomba dakika tano Pimpalgaon."

"Haiwezekani. Waziri anangojwa na televisheni. Kuna hitilafu?"

Akisema ipo, mafundi wangekagua, naye angefukuzwa kwa uongo. Akisema kweli, ingesikika katika kila stesheni ya njia ile, na Phadke angekuwa wa kwanza kusikia.

"Dereva, kuna hitilafu?"

"Hakuna."

Pimpalgaon ikaja, ikapita. Choo cha abiria kilikuwa mwisho wa jukwaa, mlango wake wa buluu ukiwa wazi.

Kumudini akavua utepe, akaukunja mara nne, akautandika kitini. Mbele, penye kivuko cha reli, wasichana wa shule walikuwa wamepangwa mstari juani, kila mmoja na kibendera chake. Akakaa, akaacha kubana magoti. Varsha akageukia dirisha la upande wa pili.

Akapiga honi ndefu, kama kanuni inavyotaka. Wasichana wakampungia.