Foleni ya Kupima Pumzi

Mwanafunzi aliweka mashine ya kupima pumzi kwenye meza ya kantini ya kiwanda cha vigae. Aliifuta meza mara mbili, na mara zote mbili vumbi likarudi. Alikuwa anamalizia shahada ya uzamili ya afya kazini, masomo ya kuchunguza vumbi, kelele na kemikali kabla hazijamdhuru mtu. Tasnifu yake ilihusu mapafu ya wakata vigae. Yakionekana yameharibika, kiwanda kingelazimika kuweka feni za kunyonya vumbi. Mdogo wake wa kiume alikuwa kwenye msumeno ule ule aliouacha baba yao, kwa hiyo jambo hili kwake halikuwa la vitabuni tu.

Asubuhi aliwapima walio hai. Vijana walipuliza huku wakitaniana, huyu akimwambia yule atumie mapafu, si mashavu. Mdogo wake naye alipuliza vizuri, akamkonyeza dada yake.

Alasiri wakaja marehemu. Walikuwa na ovaroli zao, wakapanga foleni bila kusukumana. Mlinzi alilalamika tu kwamba hawakusaini getini, na mama wa kantini akawaomba wasiegemee ukuta aliokwisha kuupangusa. Baba yao alipofika mbele, mwanafunzi alimwamkia, kisha akambana pua kwa kibanio kama alivyofundishwa.

"Napuliza mara ngapi, mwanangu?"

"Mara tatu, baba."

"Mbili nitajitahidi. Ya tatu nitaitoa wapi?"

Alipuliza. Mstari kwenye kioo cha mashine uliinuka kidogo, ukalala. Kile kipande cha karatasi ngumu alichotia mdomoni kilibaki na unga mweupe. Mwanafunzi alimwahidi kwamba safari hii atahesabiwa, na baba akamshukuru kana kwamba amepewa maji ya kunywa.

Profesa, ambaye wanafunzi walimwita Wastani kwa jinsi alivyopenda wastani kuliko kitu kingine chochote, aliyapitia matokeo bila haraka. Alisifu upimaji, hasa wa marehemu, maana si rahisi kuwabana pua. Ila hao, alisema, watolewe.

"Hawamo kwenye orodha ya wafanyakazi."

"Hawamo kwa sababu vumbi limewaua, Profesa."

"Ndiyo maana hawamo. Sisi tunapima walioko kazini."

Bila sahihi yake hapakuwa na shahada. Mwanafunzi alihangaika na jambo hilo siku kadhaa, kisha akaanza kuwatoa mmoja mmoja, baba yake akawa wa mwisho. Alilia alipokuwa akimfuta. Hakuna aliyemwona isipokuwa baba mwenyewe, aliyekuwa amekaa pembeni akimsubiri amalize.

Wastani wa pumzi ukapanda. Tasnifu ikapita. Mwenye kiwanda akautia muhtasari wake kwenye fremu, akauning'iniza getini, na habari ya feni ikaishia hapo.

Jioni ya mahafali, ndugu walijazana sebuleni kwa soda na vicheko. Baba alikaa barazani kwenye benchi lake la zamani, unga ukimdondoka mikononi. Mdogo mtu alitoka nje kumpongeza dada yake aliyesimama hapo barazani, akaanza kukohoa, akasema ni baridi tu. Baba alikisikiliza kile kikohozi mpaka kikaisha. Kisha akasogea, akapangusa kwa kiganja nafasi iliyobaki kando yake.