Honi za Iguhu na Sauti ya Ayuma

Jumamosi asubuhi Michelle alitoa kiota cha nyigu ndani ya honi ya spika ya kushoto kwa kijiti cha ufagio, akaupangusa mdomo wa honi hiyo kwa kitambaa kibichi, kisha akarudi nyuma kuitazama. Spika zilikuwa mbili, za mbao, ndefu kumshinda yeye, na midomo yake ilipanuka kama tarumbeta. Zilitoka kwenye ukumbi wa sinema uliofungwa mjini Kakamega. Mwenye ukumbi alizitoa kwa kanisa la Iguhu kwa sababu hazikupita kwenye mlango wa nyumba yake. Kilichokosekana sasa ni amplifaya.

"Spika za honi hazitaki nguvu, dada," alisema Husseini, fundi wa redio, akishusha mashine tatu kutoka kwenye pikapu. "Zinapaaza zenyewe. Ukizipa mashine nzuri utasikia mpaka mtu akimeza mate. Ukizipa mbaya, utasikia ubaya wote."

Mashine zote tatu zilikuwa za valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa. Husseini aliziacha kanisani ili zijaribiwe, akarudi dukani kwake mjini.

Kazi ya kuchagua alipewa Michelle. Alisomea umeme chuoni, na tena hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa katibu wa kwaya lakini hakuimba mbele ya watu. Alichopenda ni kusikiliza, na sauti aliyopenda kuisikiliza kuliko zote ilikuwa ya Ayuma.

Ayuma ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo. Alipopata mimba kabla ya ndoa, kamati ya kanisa ilimweka chini ya nidhamu: asiimbe, asikae na kwaya, angoje kuitwa. Akarudi kwa mamake, Edah, kule Khayega, akajifungua. Baba wa mtoto, Eugene, hakuwekwa chini ya nidhamu kwa kuwa alipiga kinanda na hapakuwa na mwingine wa kukipiga. Maiki ilipewa Ashley, binti wa mwenyekiti. Michelle aliwahi kuuliza kwenye kikao Ayuma angeitwa lini. Kikao kikafungwa kwa sala.

Kwaya ilipofika kwa mazoezi, amplifaya ya kwanza ilibebwa na watu wawili. Ashley akaimba, na honi zikatoa sauti ya Ashley pamoja na mvumo kama wa mzinga wa nyuki. Mabati yakatetemeka.

"Hii itatutoa meno," alisema mama Sylvia wa sauti ya pili. Ikazimwa.

Ya pili ilikuwa ya wastani, na ilileta marehemu. Wa kwanza alikuwa mzee Wanyonyi, aliyekuwa akitunza stoo.

"Nani alichukua funguo za stoo?" aliuliza kutoka honi ya kulia.

Mwenyekiti, Mark, aliisogelea honi. "Mzee, tulizipata."

"Mlizipata wapi?"

"Kwa koti yako."

"Koti gani?"

"Huyu alikuwanga hivi hata akiwa mzima," alisema Sylvia. "Tukichukua hii, ibada itaisha usiku." Ikazimwa nayo.

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kubebwa kwapani kama kuku. Michelle aliiunganisha bila matumaini. Ashley akafungua kinywa, na honi zikaimba kwa sauti ya Ayuma, na mkwaruzo wake mdogo mwanzoni mwa kila mstari, kama mtu aliyetoka kwenye moshi wa jikoni sasa hivi. Haikuwa kubwa kuliko ya mtu aliyesimama karibu nawe, lakini ilifika mpaka kwenye mahindi nje. Eugene alikosea noti moja kwenye kinanda, kisha akaifuata sauti hiyo.

"Huyo ni Ayuma," alisema Sylvia.

"Ni yeye," alisema Michelle.

"Si ako Khayega?"

"Ako."

Ashley alifunika maiki kwa kiganja. "Baba, mimi niendelee?"

"Endelea, mami."

Michelle alitaka kujua ni kipi hasa kinachofanya hivyo. Aliirudisha amplifaya kubwa: Ashley. Akaunganisha ile ndogo kwenye spika za zamani za kanisa: mkwaruzo tu. Akabadilisha waya za honi, ya kushoto ikawa ya kulia: bado Ayuma. Mwisho akampigia Husseini.

"Ile ndogo inaleta mtu hayuko."

"Ikipata spika ya kuifaa, inachukua ile sauti iko karibu na wimbo," alijibu Husseini. "Haiangalii nani ameshika maiki. Sasa, utaichukua?"

Michelle aliichagua. Alisimama mbele ya kamati, akaitetea, kwa sababu aliamini kwamba wakishaisikia ile sauti watatuma mtu Khayega jioni hiyohiyo. Kamati ilisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Wawili walifuta machozi.

"Tumshukuru Mungu," alisema Mark wimbo ulipokwisha. "Nidhamu inabaki, na wimbo tunao. Hakuna tena haja ya kumsumbua arudi."

Wote wakasema amina, Eugene akiwemo.

Jumapili, nyimbo zilipoanza, Michelle alitoka kwa mlango wa nyuma, akachukua boda mpaka Khayega. Alimkuta Ayuma kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, mtoto akilia mapajani. Ayuma alimwona, akafungua mdomo. Hakukutoka kitu. Alimtikisa mtoto, akampigia makofi, akampulizia usoni, na mtoto akazidi kulia huku akimtazama mamake midomoni.

"Hata jana alinyamaza hivi," alisema Edah, akigeuza majani ya kunde juani. "Nilijua mmewasha kitu. Mkimaliza inarudi."

Michelle alimchukua mtoto. Mtoto hakumtaka.

Ibada ilipoisha, sauti ilirudi katikati ya kikohozi. Ayuma alianza na mtoto. "Pole, baba. Pole. Niko hapa." Kisha akamgeukia Michelle. "Huko kanisani, ubeti wa pili nilipanda sana, ama?"

"Sikuusikia. Nilikuwa hapa na wewe. Lakini jana ulikuwa sawa kabisa. Watu walilia."

"Walilia." Ayuma alitingisha kichwa. "Na bado niko nje."

"Bado." Michelle alitazama chini. "Ayuma, nitairudisha ile mashine kwa Husseini. Kesho asubuhi. Niliichagua vibaya."

Ayuma alimweka mtoto begani.

"Ukiirudisha, nitaimba wapi?" aliuliza. "Shida yangu ni huyu tu. Saa hiyo ndio huwa analia, na hanyamazi kama sijamwimbia."

Michelle alimwomba mwenyekiti waanze kuchelewa kidogo, mpaka mtoto alale. Mark alimjibu kwa upole kwamba ratiba ya kanisa haiwezi kumngoja mtu aliye chini ya nidhamu.

Kwa hiyo kila Jumapili Michelle hukaa kando ya amplifaya, kidole kwenye swichi, simu mapajani. Huandika neno moja, "Niwashe?", akangoja. Siku nyingine jibu hukawia. Kanisa zima hukaa kimya, Eugene mikono juu ya kinanda, Ashley na maiki mdomoni, mwenyekiti akiangalia saa yake. Wageni wakianza kugeuza shingo, Michelle huwaeleza kwamba mashine za zamani hazitaki haraka.

Kisha simu hutetemeka. "Amelala. Washa."

Michelle hubonyeza swichi, na Ashley hufungua kinywa.