Honi Iliyojibiwa

Yeremia alipopunguzwa kazi kiwandani kule Turiani, miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa ruksa, hakurudi kwao Iringa. Alinunua pikipiki, Honda kuukuu, akaanza kupandisha mitumba milimani. Kila Jumamosi asubuhi alifunga robota la nguo nyuma kwa mipira, akashika njia ya Uluguru kuwahi gulio la Kinole.

Pikipiki haikuwa na neno ila honi. Ilikuwa imefungwa chini, nyuma ya madigadi ya mbele, mahali ambapo kila dimbwi liliirushia tope, na sauti yake ilikuwa kama ya mwanambuzi mwenye homa. Siku moja, ndani ya ukungu, Landrova iliyosheheni ndizi ilimtokea konani ikamkosakosa, ikamng'olea kioo cha pembeni. Dereva alisimama akamfokea:

"Honi huna?"

"Nimepiga, ndugu yangu."

"Umepiga nini? Mimi sijasikia kitu!"

Jumatatu yake alikwenda Msamvu kwa fundi Mikidadi. Mikidadi aliitazama honi ile akacheka, kisha akachakura kwenye sanduku la vyuma akatoa honi nyeusi, mdomo wake mpana kama kisosi.

"Hii ilikuwa ya basi," alisema. "Ukiipiga hapa, watu wa Dakawa watageuka."

Hakuirudisha pale chini penye tope. Aliifunga juu, chini ya taa, akauinamisha mdomo kidogo mvua isiingie, akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, maana ule wa zamani ungeungua. Yeremia alipobonyeza, abiria waliokuwa wakisubiri mabasi ng'ambo ya barabara walinyanyua mizigo yao.

Jumamosi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito tangu Mkuyuni. Alipofika kwenye ile kona kali, mlima kulia na korongo kushoto, alibonyeza honi kwa kirefu. Ukungu ukamjibu.

Ilikuwa honi nyingine, nzito kuliko yake. Yeremia alijibana kando ya mlima akasubiri gari lipite. Hakikupita kitu. Alisubiri hadi injini yake ikaanza kukohoa. Ndipo alipotambua kwamba sauti ile haikutoka mbele. Ilitoka kushoto, chini kabisa korongoni, ambako hapakuwa na barabara.

Mwangwi, alijiambia. Lakini njia nzima neno hilo halikumkaa. Mwangwi humrudishia mtu sauti yake mwenyewe.

Jumamosi ya pili sauti ilitoka katikati ya mteremko. Jumamosi ya tatu alibonyeza mara mbili, fupifupi, kuipima. Alijibiwa mara moja, kwa kirefu, hatua chache chini ya ukingo wa barabara. Hatua thelathini mbele palikuwa na kibanda cha chai, naye akaisukuma pikipiki hadi pale kama mtu anayekimbia mvua.

Mwenye kibanda alikuwa mama wa makamo, Hafidha, ambaye Yeremia alikuwa akimpungia mkono tu anapopita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo honi umeipata wapi?"

"Msamvu, kwa fundi. Kwani vipi?"

Hafidha alimimina chai, mkono umetulia. "Ni ya gari la mume wangu. Salum alikuwa dereva wa basi la huku. Akikaribia kona alipiga honi, nami nikabandika maji. Mwaka wa kumi na moja huu, basi lilitumbukia hapo. Breki zilikuwa zinafungwa kwa kamba siku zile, vipuri havipo." Akamsogezea kikombe. "Siku za ukungu mimi humsikia. Kila siku ya ukungu, huko chini. Ila tangu uje wewe na hiyo honi, anapanda."

Yeremia hakuimaliza chai ile. Jumatatu alimwendea Mikidadi tena.

"Honi hii uliitoa wapi hasa?"

"Kwa wauza vyuma chakavu. Walishuka korongoni kwenye basi lililoanguka zamani. Honi zilikuwa mbili, moja ya sauti nyembamba, hii yako, na moja ya sauti nzito. Ile nzito ilishika kutu, wakashindwa kuing'oa, wakaiacha. Mbona umebadilika rangi?"

"Ing'oe hii."

"Leo? Nina gari la watu hapa, Yeremia. Njoo kesho."

Kesho yake Mikidadi alikuwa amesafiri, na Jumamosi ikafika. Yeremia aliapa kwamba hataigusa honi, hata kama atapita konani kwa mwendo wa kinyonga.

Ukungu siku ile ulikuwa kama maji ya mchele. Alikuwa hajaifikia kona alipomwona Hafidha amesimama katikati ya njia. Alikuwa amevaa kanga mpya, doti nzima, na wanja machoni. Aliishika pikipiki kwa mikono miwili.

"Piga, mwanangu."

"Mama, sipigi. Nakuomba unipishe."

"Bado kidogo tu afike. Hatua mbili tatu. Walimzika nikiwa nimefungiwa chumbani na wanawake, uso wake sikuuona. Waliniambia ni yeye. Mimi nitajuaje? Piga!"

"Mama, huko hakuna mtu."

Hafidha alinyoosha kidole akabonyeza mwenyewe.

Jibu lilikuwa karibu mno. Lilimpiga Yeremia kifuani, na mawe madogo ya ukingoni yakatetemeka yakaanza kuporomoka. Harufu ya dizeli ikajaa. Ndani ya ukungu kitu kikubwa kilikuwa kimesimama kikivuma taratibu, kama gari linalongoja abiria apande.

"Nakuja," alisema Hafidha kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyeitwa ndani ya nyumba yake. Akaanza kutembea kuelekea kushoto.

Yeremia aliiachia pikipiki ikaanguka. Alimshika kanga, ikamvuka ikabaki mkononi mwake. Akamrukia akamshika kiuno, wote wawili wakaanguka kifudifudi. Mguu mmoja wa Hafidha ulikuwa unaning'inia hewani. Alimvuta hadi kwenye ukuta wa mlima akamkumbatia kwa nguvu, huku yule mama akimpiga makofi na kumlilia: "Umenizuia! Umenizuia, wewe!"

Mvumo uliendelea kitambo. Kisha ulianza kushuka, polepole, mpaka ikabaki sauti ya mto tu, chini korongoni.

Yeremia alitoa spana kwenye kisanduku cha pikipiki. Nati zilimponyoka mara mbili. Alipomaliza kuing'oa honi hakujua aifanye nini. Hafidha aliipokea, akaifuta tope, akaifunga ndani ya ile kanga.

"Kaburi lake liko Kinole," alisema. "Sijawahi kukanyaga. Kaka yangu Mwinshehe, anayeishi huko, analijua."

Yeremia aliliacha robota kibandani, akampakia. Siku ile Yeremia hakuuza hata shati moja. Mwinshehe aliwatangulia kupita migombani hadi penye vijiwe viwili na majani marefu. Hafidha aliinama akayang'oa majani yote kwa mkono, akikataa kusaidiwa. Kisha Mwinshehe alichimba kwa jembe upande wa miguuni, wakaifukia honi pale, akasoma Fatiha. Hafidha alikaa hadi alasiri, akiongea na mumewe kwa Kiluguru. Yeremia hakuelewa ila jina lililorudiwarudiwa, akasogea mbali kidogo.

Mikidadi aliporudi alimrudishia honi yake ya kwanza, ila aliihamishia juu, chini ya taa. Ilipokauka tope ikapata sauti ya kutosha.

Jumamosi kadhaa Hafidha hakumwitikia salamu. Ukungu ulikuwepo, Yeremia alipiga honi yake konani, akanyamaza, akasikiliza, hakujibiwa. Mwezi wa pili tangu siku ile, akiwa anapita, alisikia akiitwa kutoka kibandani.

"Wewe Yeremia! Kwenye hayo marobota yako, sweta la mwanamke mnene halimo?"