Taa Inayotusikiliza

Mimi ni fundi cherehani, na kibanda changu kiko hatua sita tu kutoka kwenye kivuko cha barabara kubwa. Ng'ambo ipo zahanati. Njia nne za magari, basi. Hizo ndizo zinazomtenganisha mama yangu na mguu wake. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalala, na pale zahanati kuna dada wa mazoezi anayemfundisha kutembea upya mara tatu kwa wiki. Dada huyo hana maneno mengi. Alituambia mama akikaa miezi miwili bila mazoezi, mguu utakaza, na ukishakaza ndiyo imetoka hiyo.

Mwanzoni mama hakuweza hata hatua moja. Ndipo jirani yangu, fundi seremala, pande la mtu lenye mdomo usiofungwa, alipoleta mkokoteni wake wa kubebea mbao na kufunga kiti cha sofa juu yake.

"Panda, mama mkwe," akasema.

"Mkwe wa nani? Binti yangu hakutaki," mama akamjibu kwa nusu ya mdomo iliyokuwa bado inafanya kazi.

Taa ikiwaka kijani, seremala anasukuma, mimi navuta, tunakatiza mbio na kufika ng'ambo tukicheka. Na si sisi tu. Mtaani kwetu kumwacha mtu mzima ajikongoje barabarani peke yake ni aibu. Mzee muuza saa hushikwa mkono na yeyote anayepita, akaburutwa hadi upande wa pili huku akilalamika. Hatukuona ubaya wowote. Ubaya ungetoka wapi?

Halafu jiji likaja na taa mpya. Zile za zamani zilitupa sekunde thelathini na tano, iwe mvua, iwe jua. Afisa wa jiji, mama mmoja mpole mwenye kishikwambi kifuani, alitukusanya mbele ya karakana ya seremala, akatuonyesha kamera juu ya nguzo.

"Taa hizi zinawasikiliza nyinyi wananchi," akasema. "Hakuna fomu, hakuna foleni. Nyinyi vukeni tu kama kawaida, zitajifunza mnavyovuka na kujipanga zenyewe. Jiji ni lenu."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga hadi viganja vikawaka moto, Mungu anisamehe.

Miezi ikapita, na mama akaanza kusimama. Siku moja dada wa mazoezi akatutolea macho mimi na seremala. "Sasa mkokoteni basi. Mnamdekeza. Avuke kwa miguu yake, hayo ndiyo mazoezi yenyewe." Nikampima mama uani kwetu, umbali uleule wa barabara, nikihesabu kwa sauti. Sekunde ishirini na nane. Nikasema ah, zinatosha na nyingine zinabaki.

Jumatatu asubuhi tukateremka barabarani, yeye na fimbo yake, mimi kwenye kiwiko chake. Alikuwa amevaa gauni la kitenge nililomshonea kwa ajili ya siku hiyo. Kijani ikawaka. Tulipofika njia ya pili ikawa nyekundu.

Nikadhani imeharibika. Magari yakaanza kupiga honi. Nikanyoosha mkono juu kama trafiki, nikapiga kelele, na lori likapita mbele yetu karibu sana hadi gauni lake likapepea. Tukasimama kwenye kile kitako chembamba cha saruji katikati, magari mbele, magari nyuma. Nikaona maji yanateremka mguuni mwa mama hadi kwenye kiatu. Mama yangu, aliyekuwa mwalimu mkuu, amesimama katikati ya barabara mbele ya watu waliosoma kwake. Niliona aibu, nikaona hasira, na sikujua niipeleke wapi hata moja.

Nilipomrudisha nyumbani nilikaa kwenye benchi la kibanda changu na kuihesabu ile taa. Sekunde kumi na moja.

Nikaenda ofisi ya jiji. Yule afisa alinikumbuka, akanipa kiti, akanifungulia picha za kivuko chetu. "Hapa kwenu watu wanavuka haraka kuliko mtaa wowote," akasema, kama anayenipongeza. "Taa imewafuata nyinyi. Magari nayo yanahitaji nafasi."

"Na mama yangu je? Amevuka hapo mara tatu kwa wiki, mwaka mzima."

Akatafuta Jumatano moja, saa tatu asubuhi. Nikajiona mwenyewe, nimeinama, navuta. Mashine ilikuwa imechora mraba kutuzunguka mimi na seremala na kuandika: watembea kwa miguu wawili, wepesi. Kwenye kiti cha sofa ilikuwa imeandika: mzigo.

"Huo mzigo ndiye mama yangu," nikasema.

Afisa akaweka mkono mdomoni. Si mtu mbaya. Ningefurahi angekuwa mbaya, ningejua wa kumtukana. "Dada, mimi siwezi kuongeza kwa mkono. Mfumo unakubali kile unachokiona tu. Mama avuke polepole wiki nne mfululizo, yeye na wenzake wa aina yake, taa itaongeza yenyewe."

"Atavukaje polepole kwa sekunde kumi na moja?"

Akagusagusa kishikwambi chake. "Nitaandika kwamba umelalamika," akasema.

Mtaani niliomba watu watembee polepole. Walikubali wote, na hakuna aliyefanya. Ukiwa katikati ya njia nne na taa inapepesa, miguu haikuulizi ruhusa. Hata mimi nilikimbia. Mzee muuza saa, ambaye peke yake angeweza kutusaidia kwa mwendo wake wa kujikongoja, aliacha kabisa kuvuka. Sasa hutuma watu.

Mkokoteni sikuugusa tena, ili kamera isituone tukikimbia, nikajaribu teksi. Ni kuzunguka hadi daraja la mbali, na kumpandisha na kumshusha kunataka watu wawili wenye nguvu. Mara mbili tukashindwa. Wiki ya tano mama akajaribu kusimama uani, mguu ukagoma kunyooka. Akaukandakanda, akaniangalia. "Unaanza kukaza," akasema, kama anasoma jina kwenye daftari la mahudhurio.

Asubuhi iliyofuata simu yangu ikalia. Ujumbe wa jiji. Mama akauliza, "Wanasemaje?"

"Wanatushukuru."

"Kwa lipi?"

Nikamsomea. Kwamba kwa siku thelathini hakuna mtembea polepole aliyeonekana kivukoni. Kwamba kwa ushirikiano wetu wananchi, muda wa kuvuka sasa ni sekunde saba.

Mama akasema, "Kamwite mkwe wangu."

Seremala akaja na mkokoteni, kiti cha sofa bado kimefungwa juu yake. Safari hii hakutania. Tukampandisha mama, nikashika mbele, tukasimama ukingoni. Sote watatu tuliiangalia ile kamera, na tulijua itaandika nini. Kila tukikimbia tunampunguzia sekunde, na tusipokimbia hafiki kwa dada wa mazoezi.

"Saba," seremala akasema. "Zamani tulikuwa tunatumia nane."

Akainama, akavua ndala zake, akamwekea mama mapajani.