Jaifar Analeta Ukungu Qurayyat

Jaifar alirudi kutoka Italia mwezi wa Oktoba na ugonjwa usio na dawa: kapenda vilima.

Afra, mkewe, alikuwa daktari wa meno Ghubra, mtaa wa Maskati, na katika ndoa yao alishayazoea maradhi ya mumewe. Kulikuwa na ya kufuga nyuki, yakaisha siku nyuki walipomuuma yeye badala ya jirani. Kulikuwa na ya farasi, yakaisha kabla farasi hajafika. Kwa hiyo akajiambia na haya yatapita. Lakini haya yalikuja na koti zito la kahawia lenye viraka vya ngozi viwikoni, na mtu anayevaa koti kama lile Maskati, lami inanata viatuni, hana mpango wa kupona karibuni.

Walikuwa wamekwenda Langhe, nchi ya vilima katika mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi ya Italia, kunakotoka mvinyo wa Barolo ambao wenye pesa zao huutaja kwa sauti ya chini, kama wanamtaja marehemu. Jaifar hajagusa mvinyo tangu azaliwe na hakuwa na nia ya kuanza. Hilo halikumzuia. Aliingia katika maghala ya chini ya ardhi pamoja na watalii wengine, mikono nyuma, na wenzake walipoinamisha pua kwenye bilauri, yeye akatikisa kichwa kwa hekima. Akatoka mule hajaonja tone, lakini kabeba maneno yote.

Akajua kwamba kule kila mteremko una jina lake na wenyewe. Kwamba mashamba mawili yaliyotengwa na kijia tu hutoa mvinyo wa tabia mbili. Kwamba zabibu yao inaitwa nebbiolo, na inasemwa jina limetokana na ukungu unaofunika vilima wakati wa mavuno. Kwamba mvinyo unafungiwa mapipani miaka, na mwenyewe anangoja wala halalamiki. Watu wa kule, kwa maelezo yake, hawana haraka, hawana makelele, na wanaipenda ardhi kama mzazi.

Afra alikuwa na watu haohao, siku hizohizo. Alichoona yeye ni watu wenye adabu nyingi wanaokuamkia vizuri sana, kisha wanafunga madirisha. Yeye aliendelea kula. Chakula kilikuwa kitamu, na vyombo aliosha Bi Ornella, mjane mwenye nyumba waliyofikia.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi, jamaa walikuja kula kama kawaida yao. Jaifar akatangaza kwamba kuanzia leo nyumba hii inakula kistaarabu, kwa awamu. Kwanza ikaja kachumbari, peke yake, katika sahani nyeupe kubwa. Watu wakaitazama. Baada ya muda mrefu ukaja wali wa biriani, mtupu. Aliyeuliza nyama iko wapi aliambiwa nyama nayo ina wakati wake.

"Baba Noof," Afra alisema jikoni, "watu wana njaa."

"Wana pupa," alisema Jaifar. "Kule meza ni mazungumzo."

"Na huku mazungumzo yenyewe ni wapi nyama."

Nyama ilipofika, wali ulikuwa umekwisha, na alasiri ikaadhiniwa. Ijumaa iliyofuata nusu ya jamaa walikuwa na udhuru, na Jaifar akasema ndivyo inavyochujwa hadhira.

Kisha akahamia shambani. Marehemu baba yake aliwaachia yeye na kaka yake mkubwa, Hamdan, shamba la mitende huko Qurayyat, mji wa pwani nje ya Maskati. Wakaligawa, wakajenga ukuta katikati. Ukuta ulinyooka vizuri mpaka ulipofika kwenye mtende mmoja aliopanda baba yao kwa mkono wake. Hapo kila mmoja akasema ni wangu, mafundi wakachoka kungoja, ukuta ukapinda kama nyoka aliyekanyagwa na kuuacha mti nusu huku nusu kule. Tangu siku ile ndugu wale hawakusemezana. Kwenye misiba walisimama safu moja na kutazama mbele.

Shamba la Jaifar lilikuwa tambarare kama mkeka. Yeye akaligawa kwa miteremko. Kulikuwa na Mteremko wa Asubuhi, Mteremko wa Bwana Mkubwa na, kwa sababu ambazo hakuwahi kuzieleza, Mteremko wa Ornella. Kila mmoja ukapata kibao cha chuma.

"Baba," Noof aliuliza, binti yao aliyekuwa anafundisha Kiingereza shule ya hapo hapo Ghubra, "mteremko unateremkia wapi?"

"Ni suala la moyo wa ardhi," akajibu Jaifar.

Kazi kubwa ilikuwa chumba cha tende. Kwao tende hukaushwa vizuri, zikashindiliwa na kuwekwa pakavu. Hivyo alifanya baba yao na baba wa baba yao. Jaifar akazitia katika mitungi mikubwa ya udongo, akafunga madirisha na kuleta mashine ya kupuliza mvuke, ile wanayowekewa watoto wenye mafua. Ukungu ukajaa chumba kizima. Kila wiki alikwenda akazinyunyizia na maji kidogo, kwa mkono, akizisemesha.

"Baba yako alikuwa akizikausha," alisema Afra akiwa amesimama mlangoni, haoni hata vidole vyake.

"Baba hakwenda Piemonte."

Akawaita jamaa waliobaki waje waonje tende zilizobaki nje ya mitungi, kama maandalizi. Akaweka sahani tatu na bakuli. Walitakiwa watafune, wazungushe mdomoni, wafikirie, halafu wateme bakulini, ili ulimi usichoke. Shangazi yake, mwanamke mzima wa mtaa wa Darsait aliyezaliwa Unguja na asiyemwogopa mtu, alilitazama lile bakuli, akaitazama tende.

"Niiteme riziki?"

"Shangazi, ni kwa ajili ya ladha. Hii ina harufu ya ngozi na mawaridi makavu."

"Ya ngozi! Basi hii hata kinywani siitii."

Akaondoka na sahani nzima mkobani.

Mtu mwingine angeishia hapo. Jaifar akamwalika Bi Ornella. Alimwandikia aje Januari, mizabibu imelala na vilima vyao vina theluji, aone namna roho ya Langhe ilivyopata makao mapya ufukweni Uarabuni. Bi Ornella, ambaye goti lilikuwa linamsumbua kwa baridi, alijibu siku ileile.

Jaifar akenda kumpokea. Kutoka uwanja wa ndege akampigia simu Noof: "Kashafika, salama! Na kaja na bunduq tele!"

Bunduq kwa Kiarabu ni zile kokwa za kula, za duara, ambazo vilima vya Langhe vimejaa miti yake. Noof hakulisikia hivyo.

"Mama!" alipiga kelele. "Bibi wa Kitaliano kaja na bunduki!"

"Alhamdulillahi," alisema Afra bila kuinua macho kwenye gazeti. "Sasa labda babako atamsikiliza mtu."

Bi Ornella alikuwa mfupi, mnene, wa miaka sabini na kitu, na hakufanana hata chembe na yale Jaifar aliyokuwa akisimulia. Alikula haraka. Siku ya pili aliomba apelekwe mahali panapouzwa viatu vya raha. Jaifar alipomuuliza, kwa macho yaliyolegea, kama hana hamu na ukimya wa vilima vyake, alisema vilima vyake vinamuua goti, na kwamba yeye mchana hula mkate na jibini amesimama; ile meza ya mpaka alasiri huwawekea wageni wanaolipa. Noof alitafsiri yote kutoka Kiingereza cha bibi. Jaifar akasema watu wa kule ni wanyenyekevu.

Ijumaa ikafika. Walikwenda Qurayyat wote, na shangazi wa Darsait naye, aliyesema anakwenda kumwona tu huyo Mzungu. Meza ikawekwa chini ya mitende, karibu na ukuta uliopinda. Kachumbari ikaja. Bi Ornella akaimaliza, akauliza kingine kiko wapi. Wali ukaja, naye akauliza kwa nini umetenganishwa na nyama, umekosa nini.

Shangazi alipofasiriwa, alimshika mkono Mtaliano yule na hakumwachia tena.

"Na nyuma ya ukuta anakaa nani?" aliuliza Bi Ornella.

"Jirani tu," alisema Jaifar haraka.

"Kaka yake," alisema Afra. "Baba mmoja, mama mmoja. Hawasemezani kwa sababu ya mtende huo hapo."

Bi Ornella aliutazama mtende, akautazama ukuta. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani na kufuta macho kwa kitambaa cha meza.

"Sasa ndiyo niko nyumbani!" alisema, Noof akitafsiri kwa sauti. "Mume wangu na ndugu yake walinuniana mpaka mmoja akafa, kwa mstari mmoja wa mizabibu. Mmoja! Kwetu watu wana adabu, hawapigani. Wananuna. Ndugu yake alipokufa, mume wangu akaenda kuuvuna peke yake, analia. Na unajua zabibu zake? Mbaya kuliko zote. Mstari ulikuwa kivulini."

Upande wa pili wa ukuta mtu akakohoa.

Afra alijua kikohozi hicho. Alinyanyuka, akazunguka kwa lango la nje na kumkuta Hamdan amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani, kanzu imekunjwa mpaka magotini.

"Shemeji, unafanya nini hapa?"

"Nnapumzika kwangu. Kuna vibaya?"

"Njoo ule."

"Leo ni zamu ya nini? Nasikia nyinyi mnakula wali mwezi huu na mchuzi mwezi ujao." Kisha akageuka kuutazama ukuta. "Huyo bibi kasema kweli? Alilia?"

"Kasema hivyo."

Hamdan akasimama, akajikung'uta. "Nakuja kwa ajili ya mgeni. Si kwa ajili ya mtu mwingine yeyote."

Aliingia, akatoa salamu kwa wote bila kutaja jina. Jaifar akaitika akiitazama sahani. Na kwa vile hakujua la kufanya na uso wake, aliamua kwamba saa ya mitungi imewadia. Akaleta mmoja kutoka kwenye ule ukungu, akaukumbatia kama mtoto, akautua mbele ya Bi Ornella na kuufungua.

Mtungi ulitoa sauti, *pfff*, kama mtu aliyechoshwa. Harufu ikatoka. Shangazi akavuta ushungi puani. Mapovu madogo yalikuwa yakipanda juu ya tende, na tende zenyewe zimeyeyuka, zinaogelea.

Bi Ornella aliinama, akanusa. Akanusa tena, mara hii kwa kazi yake. Akachovya ncha ya kidole, akaweka ulimini.

"Jaifar," alisema polepole, "huu ni mvinyo." Akafikiri. "Mbaya sana. Lakini ni mvinyo."

Noof alitafsiri kwa sauti ya chini. Haikusaidia, kila mtu alishaelewa. Mtu ambaye alipita maghala yote ya Barolo bila kulowesha mdomo alikuwa amerudi kwao Qurayyat na kujaza chumba kizima cha marehemu baba yake.

Uso wa Jaifar ukawa wa kijivu. Afra, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akiitamani siku ya kumwona mumewe kanyamaza, aliiona na hakuifurahia kama alivyotarajia.

Hamdan ndiye aliyesema. "Ipo mingapi?"

"Chumba kizima," Jaifar alinong'ona. "Kaka, wallahi sikukusudia. Nilitia ukungu tu."

Neno hilo, kaka, lilikuwa halijasikika pale muda mrefu, na wote wawili wakaonekana kama wamejikwaa.

"Najua hukukusudia. Hata kukusudia ungeshindwa. Nyanyuka, tukamwage kabla watu wa msikitini hawajapita. Shika huku."

Wakabeba. Waliobaki mezani waliwasikia wakienda na kurudi, wanahema, wazee wawili wenye vitambi. Halafu sauti zikapanda, ya Jaifar kwanza.

"Usimwage hapo! Yanakwenda kwenye mtende wa baba!"

"Basi si ni wako? Umekuwa ukisema ni wako."

"Aa, wako! Wewe mkubwa!"

"Leo mimi mkubwa! Leo!"

Afra aliwaacha. Alimwambia Noof alete nyama, wali na kachumbari yote kwa mpigo, katika sinia moja, na wanawake wakala kwa mikono, Bi Ornella akiwa na mfupa wa kuku mdomoni, anamweleza shangazi habari ambazo shangazi hakuzielewa na alizikubali zote.

Wale wawili walirudi jua limeinama, kanzu zimechafuka, wananuka mno, na bado wanabishana. Safari hii ni kuhusu mlango. Hamdan anataka kutoboa ukuta ili mtu asizunguke mpaka barabarani. Jaifar amekubali, ila mlango ufungukie upande wake. Kwa nini upande wako? Kwa sababu mimi ndiye nitakayelipa fundi. Nani kasema utalipa wewe?

Afra aliwasogezea mabaki ya sinia. Hakuna aliyenawa vizuri na hakuna aliyekatisha maneno ili kula.